Tumehesabu Mabati, Watoto Hatujawauliza

Hotuba kwa walimu wa malezi, wahudumu wa afya na wajumbe wa kamati za maafa, Bukoba

Walimu wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wajumbe wa kamati za maafa, wazee wetu mlioketi hapa mbele, itifaki imezingatiwa. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Naomba nianze na mtoto mmoja. Jina lake silitaji, na mtaa wao nitauacha. Alikuwa darasa la nne, nami nilikuwa mwalimu wake wa darasa. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ya Kagera ilipotikisika, alikuwa chumbani anambembeleza mdogo wake alale. Ukuta wa tofali ukaanguka upande wa pili wa kitanda. Wakatoka wote wawili bila hata mchubuko, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwandika popote. Waliofariki mkoani walikuwa 17, hakuwamo. Majeruhi walipita 400, hakuwamo. Nyumba yao iliandikwa, ikapigwa alama, na baadaye mabati yakaja. Yeye hakuandikwa.

Shule ilipofunguliwa akaanza kukaa karibu na mlango. Nikamrudisha kwenye dawati lake. Kesho yake yuko mlangoni tena. Nikamrudisha. Lori la ndizi likipita barabarani na vioo vikalia, yeye alikuwa keshafika uwanjani kabla sijageuka kutoka ubaoni. Nilimwadhibu, si mara moja. Mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake: "Mtoro wa vipindi, hana utulivu." Niliyaandika mimi, kwa mkono huu.

Nimekuja na kisa hiki kwa sababu katika chumba hiki tupo wengi tulioandika ripoti za namna hiyo, na wengi tulioziandika tuliwapenda watoto wetu. Hatukuwa wakatili. Hatukujua tunachokitazama.

Hebu tukitazame leo. Mtoto aliyepitia jambo la kutisha, mwili wake hujifunza somo moja haraka sana: hatari ipo, na inakuja bila kubisha hodi. Kwa siku za kwanza somo hilo lina kazi yake. Ardhi inaendelea kutikisika kidogo kidogo, na mtoto anayeshtuka upesi ndiye atakayewahi kutoka. Kustuka usingizini, kuota ndoto mbaya, kumng'ang'ania mama, kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, kukosa hamu ya kula: katika wiki ya kwanza na ya pili haya ni ya kawaida, na watoto walio wengi huyaacha wenyewe wakipata mahali pa kulala, mtu wa kuwashika mkono na ratiba ya siku inayoeleweka. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna wanaotoka kwenye semina kama hii wakidhani kila mtoto wa eneo lenye maafa ni mgonjwa. Si kweli.

Lakini wapo ambao somo lile haliwatoki. Mwezi unapita, mwili bado uko Jumamosi ile. Tukio linawarudia, usiku kwa ndoto na mchana kwa namna ambayo mtoto hawezi kuieleza; harufu ya vumbi la saruji inatosha. Wanakwepa kila kinachowakumbusha: chumba kile, njia ile, hata jina la rafiki aliyefariki. Na wanaishi kama walinzi wa zamu, masikio yamesimama, usingizi mwepesi, hasira iko karibu. Mambo haya matatu yakikaa pamoja zaidi ya mwezi na yakaanza kumharibia mtoto masomo na maisha ya nyumbani, wataalamu wanayaita msongo wa baada ya kiwewe. Darasani sisi tumeyapa majina yetu. Anayerudiwa na tukio tunamwita mzubavu. Anayekwepa tunamwita mtoro. Aliye zamu tunamwita mtukutu. Na yupo wa nne, ambaye hasumbui mtu, anaketi kimya, daftari safi, tunamsifu kwa utulivu. Huyo ndiye ninayemhofia kuliko wote.

Sasa tutamjuaje? Wahudumu wa afya mliomo humu mnaufahamu ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu. Utepe ule hautibu utapiamlo, wala hausemi kwa nini mtoto amekonda. Kazi yake ni kuwapitia watoto wengi kwa muda mfupi ili mjue nani asiondoke bila kuonwa. Hamsubiri mtoto avimbe miguu ndipo mpime. Mnapita nyumba kwa nyumba mnawapima wote, hata wale wanaoonekana wazima. Ninachokiomba leo ni utepe wa namna hiyo kwa ajili ya hofu.

Upo, na umekuwepo kwa miaka mingi. Mmoja wao ni dodoso la maswali manane, linalojulikana kwa herufi zake CRIES-8, kwa watoto wa kuanzia miaka minane. Maswali manne yanahusu tukio kumrudia mtoto, manne yanahusu kulikwepa. Anaulizwa juu ya siku saba zilizopita, naye anachagua: hapana kabisa, mara chache, mara kadhaa, mara nyingi. Majibu hayo yana alama 0, 1, 3 na 5. Ukijumlisha, jumla kubwa kabisa ni 40, na mtoto aliyefikisha 17 au zaidi anaitwa akae na mtu mwenye ujuzi, wazungumze kwa nafasi. Mwalimu akishafundishwa anaweza kulisimamia darasani. Hakuna sindano wala mashine.

Ila 17 si ugonjwa. Ni rangi nyekundu kwenye utepe: inasema mtazame huyu vizuri. Mwingine atakuwa na 20 na baada ya mazungumzo ikaonekana anasogea mwenyewe. Mwingine atakuwa na 12 lakini mama yake alifukiwa na ukuta. Huyo namba isikuzuie kumwita. Watoto waliofiwa, walionaswa chini ya kifusi, walioona maiti, waliotenganishwa na wazazi, walioamini kabisa kwamba wanakufa, na wale ambao hata kabla ya maafa walikuwa na shida zao, waitwe hata kama karatasi imetoka safi.

Wakati wa kuuliza nao una umuhimu. Wiki ya kwanza si wakati wa dodoso. Wiki ya kwanza ni ya blanketi, maji, chakula, kumtafuta baba yuko wapi. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, ni kuangalia, kusikiliza na kuunganisha, na haimlazimishi mtu kusimulia yaliyompata. Dodoso lije mwezi mmoja baada ya tukio, wakati wengi wameshaanza kutulia na wasiotulia wanaanza kuonekana. Mimi naongeza kwamba lirudiwe mwezi wa sita hivi, kwa sababu wapo wanaojikaza mpaka nyumba mpya ipauliwe, ndipo wanapoanguka.

Katika jambo hili la kusimulia, nina deni jingine. Wiki ile shule ilipofunguliwa, kwa nia njema kabisa, niliwasimamisha wanafunzi wangu mmoja mmoja mbele ya darasa waeleze tetemeko liliwakuta wapi. Nilidhani wakitapika watapona. Mtoto wa kwanza akaeleza, wa pili akaeleza, wa tatu akasema bibi yake alivyotolewa kwenye kifusi, na darasa zima likaanza kulia, hata waliokuwa salama shambani siku ile. Sikujua namna ya kulifunga nililolifungua. Kengele ikalia, wakaenda nyumbani hivyo hivyo. Msifanye nilichofanya. Kumuuliza mtoto faraghani, kwa maswali mafupi, akiwa na ruhusa ya kukataa, ni jambo moja. Kumsimamisha mbele ya wenzake asimulie maiti ni jambo lingine kabisa, na ushahidi wa miaka mingi hauonyeshi kwamba kuwasimulisha watu kwa mkupuo mmoja mara baada ya janga kunawakinga.

Wazazi huniambia: "Mwalimu, ukiwauliza utawatonesha kidonda. Waache, watoto husahau." Naielewa hofu hiyo, na siidharau. Lakini angalieni watoto wanavyocheza. Wetu, majuma mengi baada ya tetemeko, walikuwa wakijenga nyumba za udongo na kuzibomoa kwa kelele, kila siku mchezo ule ule, mwisho ule ule, na hakuna aliyecheka. Mtoto anayecheza hivyo hajasahau. Kinachotonesha kidonda si swali la mtu mpole; ni lori la ndizi, na lori halimwombi mtu ruhusa.

Tena mzazi peke yake hatoshi kuwa shahidi. Ikishindikana kabisa, kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, ni lazima tumtegemee mama, tumwulize juu ya usingizi, michezo, kulia, kurudi nyuma katika mambo aliyokwisha kuyajua. Lakini kwa mtoto anayeweza kujibu, aulizwe yeye. Mara kwa mara imeonekana kwamba wazazi hutaja machache kuliko yale watoto wanayoyasema wenyewe. Sababu inaeleweka. Mama aliyepoteza nyumba anahitaji mwanawe awe mzima. Ni tegemeo lake. Na mtoto analijua hilo. Anamwona mama analia jikoni usiku, anaamua kutomwongezea mzigo. Niliwahi kumuuliza binti mmoja kwa nini hakumwambia mama yake kuhusu ndoto zake. Akanijibu: "Mama naye ana zake."

Nifike kwenye kile ninachokiona kigumu zaidi, yaani lugha. Mnaweza kuwa na dodoso zuri lililopimwa katika nchi nyingi, mkalitafsiri kwa Kiswahili safi, na bado likawapita watoto wetu. Swali mojawapo linauliza iwapo picha za tukio zinamjia mtoto akilini. Nilimuuliza hivyo mtoto wa huko vijijini: "Picha zinakujia?" Akanitazama kwa heshima, akasema: "Mwalimu, kwetu hatuna televisheni." Nikaweka sifuri. Fikirini. Sifuri ile ilikuwa yangu, si yake. Nilipomuuliza tena siku nyingine, kwamba je, kuna wakati anaona ukuta unaanguka ilhali hauanguki, aliinamisha kichwa, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Kila nikifumba macho."

Mkoani kwetu mtoto anaota kwa Kihaya, au Kinyambo, au Kihangaza, au Kisubi. Kiswahili ni lugha ya kujibu maswali ya mwalimu, na swali la mwalimu lina jibu sahihi. Akisikia Kiswahili cha dodoso atatafuta jibu litakalokupendeza. Ndiyo maana kabla ya kuuliza lazima aambiwe wazi kuwa huu si mtihani, hakuna alama za kufaulu, na hakuna atakayesomewa majibu yake mbele ya wengine. Na karatasi zile zisikae ofisini juu ya meza ya kila mtu, zisibandikwe ukutani kama matokeo ya majaribio. Nasema hivyo kwa sababu najua ofisi zetu.

Manyara wana kazi hiyo hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Watoto wa kule wengi wanakua na Kiiraqw au Kibarbaig nyumbani. Na angalieni kalenda: maafa yalitokea shule zikielekea likizo ya Desemba, na mwezi mmoja ulipotimia watoto walikuwa wanakaribia kurudi madarasani. Hakuna siku nyingine katika mwaka ambayo watoto wa mji mzima hukusanyika mahali pamoja, kwa jina, kwa orodha, mbele ya mtu mzima anayewajua. Kama ningeulizwa ni siku gani ya kuanza kuwauliza, ningetaja juma lile la kufungua shule. Orodha ya mahudhurio ndiyo rejista bora ya watoto tuliyonayo, na asiyekuwepo kwenye orodha ndiye wa kwanza kutafutwa.

Lakini sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nitakapogombana na baadhi ya mashirika yanayokuja na madodoso yao kwenye mahema. Usimuulize mtoto kama huna pa kulipeleka jibu lake. Mtoto aliyekufungulia moyo, ukaandika, ukajumlisha, ukapanda gari ukaondoka, umemfundisha kwamba kusema hakusaidii. Atakapoulizwa mara ya pili hatasema. Kabla hamjachapisha karatasi hata moja, hesabuni: tunatazamia kuwaita watoto wangapi, na nani atakaa nao, lini, chumba gani?

Mtaniuliza, mwalimu, wanasaikolojia wako wapi? Ni wachache, najua. Basi nitawaambia habari mbili zilizonipa moyo.

Ya kwanza ni ya mbali, New Orleans, Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005. Watafiti waliwachunguza wanafunzi kwa dodoso, na waliokutwa na dalili wakagawanywa: kundi moja lihudumiwe hapo hapo shuleni, lingine lipelekwe kliniki. Huduma zote mbili ziliwasaidia waliozipata. Ila shuleni asilimia 98 walianza. Kliniki walianza asilimia 37. Na kule kuna magari na barabara za lami. Sasa mpeleke mtoto wa Missenyi hospitali ya mkoa kila wiki, nauli ya kwenda na kurudi, mama aache shamba, jirani aulize anaumwa nini. Hatakwenda. Chumba cha kwanza cha kumhudumia mtoto huyu kiwe shuleni, na rufaa ya hospitali ibaki kwa wachache waliozidiwa, hasa anayesema hataki kuishi. Huyo hangoji wiki. Anaondoka na mtu mzima siku hiyo hiyo.

Ya pili ni ya hapa kwetu. Moshi, na Bungoma nchini Kenya, ulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote na waliokuwa na dalili hizi. Si watoto wa tetemeko, lakini mzigo wanaoubeba unafanana. Walikutana kwa vikundi, vikao 12, na waliowaongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Katika maeneo matatu kati ya manne, dalili zilipungua zaidi kwao kuliko kwa waliopata huduma za kawaida. Eneo la nne, mjini Moshi, tofauti haikuonekana, na nawaambia hilo ili msidhani nimewaletea dawa ya kila kitu. Lakini Kenya, mjini na vijijini, na vijijini kwetu Tanzania, ilifanya kazi. Mama wa kikundi cha kanisa, mwalimu mstaafu, kijana aliyemaliza kidato cha nne: akifundishwa na asiachwe peke yake, anaweza.

Na kutofanya kitu kuna gharama yake. Armenia ilipigwa na tetemeko tarehe 7 Desemba 1988, saa tano na dakika 41 asubuhi, watoto wakiwa madarasani. Walikufa watu wasiopungua 25,000. Mwaka mmoja na nusu baadaye, baadhi ya wanafunzi katika mji wa Gyumri walipewa huduma shuleni, wengine hawakufikiwa. Walipopimwa tena, miaka mitatu baada ya tetemeko, waliohudumiwa dalili zao zilikuwa zimepungua. Wasiofikiwa zilikuwa zimeongezeka. Zimeongezeka, ndugu zangu. Ule usemi wa "watoto husahau" haukuwasaidia.

Mtauliza yule wa mlangoni aliishia wapi. Alimaliza la saba, wakahama. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshasomea unasihi, nilikutana naye stendi, kijana mrefu. Nilimwomba radhi kwa zile adhabu, pale pale, katikati ya makondakta. Hakuonekana kushangaa. Aliniambia jambo moja tu: kwamba mlango aliukalia ili, ardhi ikitikisika, awe wa kwanza kukimbia kumchukua mdogo wake darasa la kwanza. Alikuwa amepiga hesabu ya hatua. Hatua 64 kutoka kizingiti chetu hadi kizingiti chao.

Kama ningemuuliza, jibu lilikuwepo.

Sasa naomba tufanye kazi. Kwenye kila meza kuna karatasi yenye maswali manane kwa Kiswahili, na nafasi wazi chini ya kila swali. Kaeni kwa lugha: Kihaya upande wa dirishani, Kinyambo pale katikati, Kihangaza na Kisubi huku nyuma. Wazee mliokaa mbele, tawanyikeni muwasaidie, kwa maana vijana wetu hawa wengine Kihaya chao kimechanganyika. Tunaanza na lile la picha. Msitafsiri neno. Mwambieni mwenzenu mngemuulizaje mjukuu wenu, jioni, jikoni, taa imewashwa, kisha muandike hivyo hivyo.